Stachi ya Kura

"Rudia pale ulipomwaga stachi," Inspekta Jelagat alisema. "Usiruke kitu."

Phelista alikuwa bado amevaa gambuti nyeupe za kiwandani. Polisi walimchukua Ijumaa jioni akiwa anaosha mitungi, na tangu wakati huo hakuna aliyekumbuka kumletea viatu. Sasa ilikuwa Jumamosi asubuhi katika kituo cha polisi cha Kitale, na Jumatatu angesimama mahakamani kujibu shtaka la kuwauzia watoto chakula chenye sumu.

"Nilipima kama kawaida," alisema. "Nikamwaga kwa maziwa yakiwa baridi, nikoroge kwanza ndio niwashe gesi. Siku zote inakuwa hivyo. Inakaa tu kwa maziwa kama unga, mpaka ipate moto ndio inashika."

"Na Alhamisi?"

"Alhamisi ilishika hapo hapo. Ikawa nzito kama uji na sijawasha kitu."

"Ukafanya nini?"

Phelista aliinamisha kichwa. "Nilifurahi, afande. Nikasema leo gesi imebaki."

Kiragu, afisa wa afya ya umma, alikuwa ameegemea ukuta na mikono ameikunja. Ni yeye aliyeitwa shuleni wakati watoto wa chekechea walipoanza kutapika mmoja baada ya mwingine, midomo na viganja vikiwa vyekundu kama vilivyomwagiwa maji ya moto. Wengi walikuwa wamerudi nyumbani. Wachache walikuwa wamelazwa, na mmoja wao hakuwa akiendelea vizuri. Wote walikuwa wamekunywa yogati ya strobari yenye picha ya Phelista kwenye kikombe.

"Mama, kwani yogati ni lazima itiwe stachi?" Jelagat aliuliza.

"Ukiiuza mlangoni, hapana. Lakini yangu inabebwa na pikipiki mpaka Endebess. Bila stachi inafika maji yakiwa juu na yogati chini, mtu anasema imeharibika. Sheria inaruhusu, mradi iwe ile ya chakula. Huyu afisa mwenyewe ndiye alinifundisha."

"Nilikufundisha ununue ya chakula," Kiragu alisema.

"Na nimenunua! Kwa Mzee Amarjit, Bungoma. Sijawahi kununua kwingine. Muulizeni. Yeye ni mtu wa haki, atawaambia."

Nje kwenye korido, Kiragu aliteremsha sauti. "Wote husema hivyo. Maabara ya Nairobi ikijibu utaona. Huyu alitafuta stachi ya bei rahisi."

"Wateja wake walikuwa wanaongezeka," Jelagat alisema. "Alikuwa ndio amepata hiyo shule. Mtu anayeanza kupata hana haraka ya kujiharibia."

"Inspekta, wewe unaamini watu sana."

"Siamini mtu. Nataka tu kujua kwa nini iliganda bila moto."

*

Duka la Amarjit lilikuwa karibu na soko la Bungoma, na harufu yake ilianza kukupata ukiwa bado barabarani: vanila, hamira, na kwa mbali kitu kikali kama rangi ya ukuta. Waoka mikate walinunua hapo. Wenye viwanda vidogo vya aiskrimu walinunua hapo. Watu wa maboksi na wachapishaji pia walikuja hapo kutafuta gundi. Kuta zote za mtaa zilikuwa zimejaa mabango ya uchaguzi mdogo wa wadi, nyuso zikitabasamu juu ya nyuso.

Mzee Amarjit, kilemba chake cha samawati kikiwa kimefungwa vizuri, alizunguka kaunta mwenyewe kuwapokea.

"Karibu, Inspekta. Karibu, daktari. Chai?"

"Baadaye, Mzee. Tumekuja kwa sababu ya Phelista wa Kitale."

"Masikini yule mama. Nimesikia kwenye redio." Aliutikisa mkono hewani. "Mchapakazi. Kila wakati analipa, kila wakati anashukuru."

"Ulimuuzia stachi gani?"

"Ya chakula. Namba 1422. Wanga wa muhogo, umetengenezwa upya kiwandani ili uvumilie joto na safari. Ninaruhusiwa kuuza, cheti kile pale ukutani."

"Na ya gundi je?"

"Ninayo pia. Ya maboksi na mabango. Lakini hiyo stoo yake ni nyingine."

"Ndivyo sheria inavyotaka," Kiragu alimweleza Jelagat. "Ile ya gundi inatiwa boraksi ili ishike. Ukila boraksi unatapika, ngozi inawaka. Haifai kulala chini ya paa moja na chakula."

Jelagat alimtazama. "Ngozi inawaka. Kama viganja vya wale watoto?"

"Kama hivyo. Ndiyo maana nasema alitafuta rahisi."

"Naomba kuona stoo zote mbili, Mzee."

Mkono wa Amarjit ulikuwa tayari umeshika funguo. Ulikaa hapo kidogo kabla ya kuzitoa.

Stoo ya kwanza ilikuwa safi, imefagiliwa, magunia yamepangwa juu ya mbao. Jelagat alipita katikati yake polepole. Magunia ya stachi yalikuwa meupe, yote kutoka kiwanda kimoja ng'ambo, yote na picha ya ndovu mwekundu na maandishi ya lugha asiyoijua. Ilibidi apige magoti kuona kwamba namba ndogo chini ya mshono zilitofautiana, na hata hizo kwenye magunia mengine zilikuwa zimefutika. Safu moja tu ilikuwa na alama ya mkono. Mtu alikuwa ameandika juu ya kila gunia kwa wino mzito mwekundu: KURA.

"Kura?" Kiragu alisoma, akacheka. "Hata stachi inapiga kura siku hizi. Hii si ndiyo ya kampeni?"

Amarjit aliangalia gunia. Kisha akamwangalia Kiragu usoni.

"Ndiyo," alisema. "Ya kampeni. Ya kubandika mabango."

"Ulisema ya gundi iko stoo nyingine," Jelagat alisema.

"Hii inachukuliwa leo leo. Imepita tu."

Mwanamume wa makamo aliyekuwa akisukuma mkokoteni wa stoo alisimama. Alikuwa na koti la bluu lenye jina la duka mgongoni. "Afande, hapana, hiyo si—"

"Mukhwana," Amarjit alimkatiza, "lori la sukari limefika nje."

"Rori gani, Mzee? Si rimesemwa kesho?"

"Nenda uangalie."

Mukhwana alikwenda. Jelagat alitega sikio. Hakukuwa na ngurumo ya injini yoyote nje, isipokuwa pikipiki.

Stoo ya pili ilikuwa ng'ambo ya ua, na kufuli lake lilikuwa jipya. Chini ya mlango punje za mahindi zilikuwa zimetawanyika, na harufu ya vumbi la mahindi makavu ilitoka kwenye nyufa.

"Nimemkodishia mfanyabiashara wa Tongaren," Amarjit alisema kabla hajaulizwa. "Kwa msimu tu."

"Kwa hivyo stachi zote mbili zinalala kule," Kiragu alisema.

"Kwa muda, daktari. Kwa muda mfupi tu."

Walipotoka barabarani, Kiragu alipiga makofi mara moja kama mtu aliyemaliza kazi. "Sawa. Mzee amevunja sheria ya stoo, nitamwandikia. Lakini angalia: gundi imeandikwa, ya chakula haina maandishi. Gunia tulilokuta kwa Phelista halina maandishi. Aliuziwa ya chakula. Kama ndani kuna boraksi, aliitia mwenyewe au alichanganya na ya mtu mwingine. Jumatatu hana pa kutokea."

Jelagat alikuwa amesimama akiangalia mlango wa duka. Ndani, mzee alikuwa bado kaunta, haondoki, hauzi, anapanga upya kalamu zilizokuwa zimepangwa.

"Ulipomuuliza kama ni ya kampeni," alisema, "aliangalia wapi?"

"Gunia."

"Kwanza gunia. Halafu uso wako. Mtu anayejua jibu haangalii uso wa anayemuuliza. Ulimpa njia, Kiragu, naye akapita. Na yule wa stoo alitaka kusema kitu. Twende kwa wenye kampeni."

*

Mabango ya mgombea aliyekuwa akinunua kwa Amarjit yalisimamiwa na mchapishaji mmoja aliyeitwa Kang'ethe. Ofisi yake ilikuwa chumba nyuma ya hoteli, kimejaa fulana na karatasi mpaka dirishani. Alipoona kitambulisho cha Jelagat alisimama haraka.

"Kama ni ile ya kubandika juu ya uso wa mpinzani, si vijana wangu. Wale wengine ndio walianza."

"Sijali uso wa mtu. Nataka kuona gundi yako."

"Gundi?" Kang'ethe alikaa tena, kisha akacheka kwa uchungu. "Afande, usinikumbushe. Tulibandika mji mzima Jumatatu jioni. Jumanne asubuhi Mheshimiwa anapita na gari, anakuta uso wake wote uko kwa mtaro, watu wanaukanyaga wakienda soko. Alinipigia simu, hata mama yangu hajawahi kunitukana hivyo."

"Mvua?"

"Mvua wapi! Ni stachi. Unakoroga, inakaa chini kama chokaa. Ukipaka inakauka inakuwa poda. Nilimpigia Mzee Amarjit hapo hapo nikamwambia, wewe Mzee, unataka tushindwe? Akaniuliza gunia limeandikwa nini. Nikamwambia limeandikwa kura. Akanyamaza, nikadhani simu imekatika."

"Halafu?"

"Halafu akaja mwenyewe. Na gari lake. Akaniletea nyingine, hakuitisha hata senti. Hiyo ndiyo iko kwa ukuta mpaka leo, jaribu kuibandua na kucha uone."

"Magunia yale ya kwanza umeyatupa?"

"Moja liko hapa. Alitaka kurudi nalo, nikamwambia limefunguliwa, litamwagikia gari lake. Lingine alienda nalo."

Lilikuwa chini ya meza, gunia jeupe lenye ndovu mwekundu, limebaki nusu. KURA. Pembeni yake lilikuwa gunia lingine la namna hiyo hiyo, halina maandishi ya mkono.

Jelagat aliomba vikombe viwili na maji ya bomba. Alichota kijiko kutoka gunia lenye maandishi, akatia katika kikombe cha kwanza, akakoroga. Alichota kingine kutoka gunia lisilo na maandishi, akatia katika cha pili. Kiragu alisogea karibu bila kupenda.

Katika kikombe cha kwanza maji yalibaki maji, na weupe ukaanza kushuka chini taratibu. Katika cha pili kijiko kilizunguka mara chache, kikawa kizito, kikasimama chenyewe.

"Inashika bila moto," Jelagat alisema.

Kiragu alikisukuma kijiko kwa kidole; hakikuanguka.

"Ile ya chakula imetengenezwa ipikwe. Phelista alisema siku zote inangoja moto. Ya gundi inashika kwa maji baridi, kwa sababu mtu wa mabango hana jiko barabarani. Sasa niambie. Gunia lililoandikwa kura ndilo lisiloweza kubandika kura. Na gunia lisiloandikwa kitu ndilo gundi."

"Zimebadilishana," Kiragu alisema polepole. Uso wake ulikuwa umebadilika. Alitoa simu akielekea nje. "Napigia hospitali. Wale watoto wamekula boraksi, daktari asingoje Nairobi."

"Piga. Mwambie ni gundi."

Alipomaliza, alirudi ndani akionekana mdogo kuliko alivyotoka. "Wamesema asante. Wamesema hiyo itawasaidia." Alitazama vikombe. "Lakini nani aandike KURA juu ya chakula? Hiyo si kosa, Inspekta. Hiyo ni mtu ameficha kitu. Ameandika uongo ili mzigo uende pasipofaa."

Jelagat naye alikuwa amewaza hivyo hivyo, na ndivyo alivyowaza njia yote kurudi kwenye duka.

*

Wafanyakazi wa Amarjit walikula mchana kwenye kibanda nyuma ya stoo, chini ya turubai. Mukhwana alikuwa na sahani ya ugali na mboga. Mbele yake alikaa kijana mrefu mwenye kofia ya Kiislamu, ambaye alijitambulisha kama Salman, mpakiaji na msimamizi wa mizigo inayotoka. Babu yake alikuja kutoka pwani na mzigo wa chumvi akabaki, na familia bado iliishi nyuma ya msikiti.

"Lori la sukari lilifika?" Jelagat alimuuliza Mukhwana, akivuta kiti.

Mukhwana alimwangalia Kiragu, kisha sahani yake. "Halikufika, afande."

"Leo amelitamka vizuri," Salman alisema. "Mashallah. Anapoogopa ndipo anapopata Kiswahili."

"Wewe nyamaza. Kira mtu na urimi wake. Hata huyu daktari nimemsikia kwa duka akisema 'mbolaksi'."

"Sikusema hivyo," Kiragu alisema.

"Urisema, bana. Hata afande ni Mnandi, ngoja akasirike, utasikia basi imekuwa 'pasi' na baba amekuwa 'papa'."

Jelagat alicheka, na alishangaa kwamba alicheka. Kisha akauliza, bila kubadilisha sauti, "Mukhwana, nani huandika magunia?"

"Ni mimi. Tangu turete zote stoo moja. Niriambia Mzee, hizi zinafanana, siku moja tutaua mtu. Akanipea karamu nyekundu, akasema andika ya chakura, hiyo nyingine acha."

"Karamu," Salman alisema, akitikisa kichwa. "Alipewa karamu. Sisi wengine tulikunywa chai kavu."

Lakini Jelagat hakumsikia. "Alisema uandike ya nini?"

"Ya chakura."

"Na ukaandika neno gani?"

"Kura, afande." Mukhwana aliona uso wake, akadhani hajaelewa, akapeleka vidole mdomoni vikiwa na tonge. "Kura. Ya watu kukura. Nirifupisha, karamu irikuwa inaisha."

Salman aliacha kutafuna.

"Ndugu yangu," alisema, "uliandika kula?"

"Si ndio nasema. Kura."

"Kula. Kwa lamu, ile herufi ya L. Ku, la."

"Ni kitu kimoja!"

Salman aliweka kijiko chini. Mzaha wote ulikuwa umemtoka. "Afande, wiki ile yeye alikuwa Tongaren, matangani. Nilipakia peke yangu. Kang'ethe alipiga simu akasema anataka stachi ya kampeni. Mama wa Kitale alikuwa na oda yake ya kawaida. Nikaingia stoo. Naona gunia limeandikwa kura. Mji mzima wiki hiyo neno ni moja tu, kura, kura, gari la vipaza sauti linapita kila saa. Ningefikiria nini kingine? Nikampelekea Kang'ethe yaliyoandikwa. Nikamtumia mama yasiyoandikwa." Aliangalia mikono yake. "Na namcheka huyu kila siku anavyosema. Sikufikiria kwamba anaandika anavyosema."

Mukhwana alikuwa ameelewa sasa. "Ni mimi nimewarisha watoto gundi?"

"Hapana," Jelagat alisema. "Sikiliza, Mukhwana. Hapana. Wewe ndiye mtu peke yake hapa aliyejaribu kuzitenganisha." Alimgeukia Salman. "Jumanne Mzee alimpelekea Kang'ethe mzigo mwingine. Nani alimpakilia?"

"Mwenyewe. Alisema hahitaji mtu."

"Alikuambia kwa nini unabadilishwa?"

"Hakuniambia kitu, afande. Nilijua leo. Sasa hivi."

"Hata mimi hakuniambia," Mukhwana alisema. "Nirirudi kazini jana. Reo asubuhi niriposikia akisema ni ya kampeni, nirijua Mzee amechanganyikiwa. Nirikuwa nataka kumsaidia."

*

Amarjit alikuwa ameagiza chai iletwe. Vikombe vilikuwa kaunta, vimefunikwa, kama vile alijua watarudi.

"Mzee," Jelagat alisema, "kabla hatujaendelea, si lazima useme lolote. Ukisema, Kiragu ni shahidi, na linaweza kufika mahakamani. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Phelista aliuziwa gundi kwa bahati mbaya. Najua jinsi ilivyotokea, na simlaumu aliyeandika wala aliyepakia. Nataka kujua jambo moja. Jumanne Kang'ethe alikupigia. Ulimuuliza gunia limeandikwa nini, akakuambia. Unamfahamu Mukhwana miaka mingi kuliko mtu yeyote. Ulijua papo hapo neno lile ni nini."

Mzee alifunua kikombe kimoja, akakifunika tena.

"Ulipakia gari mwenyewe ili vijana wasiulize. Ukampelekea mtu wa kampeni gundi yake mlangoni. Phelista alianza kupika Alhamisi. Jumatano nzima ilipita hapo katikati."

"Inspekta." Sauti yake ilikuwa kavu. "Ningesema, wangekuja kuuliza ilikuwaje. Wangeona stoo. Kibali cha vyakula kinaondoka, duka linafungwa, na hawa vijana wanaenda wapi? Nilijiambia labda ana stachi ya zamani bado. Nilijiambia anatia kidogo tu, kijiko kwa ndoo, haitadhuru."

"Na leo asubuhi, Kiragu aliposoma kura?"

"Leo asubuhi niliona mlango wa kutokea." Alifumba macho. "Nilijua mama yule angefungwa. Nilijua, na nikasema ndiyo."

Kiragu, ambaye kwa siku nzima alikuwa na neno la kusema juu ya kila kitu, alitoa daftari akaandika maneno hayo.

Jelagat alipiga simu Kitale. Alimwambia sajini wa zamu amtoe Phelista selo, asimrudishe tena, na kwamba faili la Jumatatu lisiende kwa mwendesha mashtaka mpaka afike yeye.

"Yuko hapo na wewe?" aliuliza. "Mpe simu, asikate." Aliiweka simu yake juu ya kaunta, sauti ikiwa wazi, akaisukuma mbele ya Amarjit. "Ulikuwa na jambo la kumwambia Jumanne."

"Inspekta, tafadhali—"

"Halo?" ilisema simu.

Mzee aliegemea kaunta kwa mikono miwili. "Mama Phelista. Ni Amarjit, wa Bungoma."

"Mzee!" Waliisikia pumzi yake ikitoka yote kwa mara moja. "Mungu wangu, asante. Nilijua utapiga. Waambie, Mzee. Waambie hujawahi kuniuzia kitu kibaya."

Nje gari la kampeni lilikuwa linapita, na Amarjit alingoja lipite.

"Mzee?"

"Stachi niliyokutumia wiki hii ilikuwa ya gundi," alisema. "Ilibadilishana hapa kwangu. Wewe hukukosea. Ulipika vizuri. Kosa ni langu, na watu wa serikali wako hapa wananisikia."

Mahali fulani kituoni mlango wa chuma ulifungwa.

"Ulijua lini?" Phelista aliuliza.

Lilikuwa ndilo swali ambalo Jelagat alikuwa amelibeba tangu kwa Kang'ethe, na alitambua kwamba hakuwa na haki nalo kama huyu.

"Jumanne," alisema mzee.

"Jumanne si ndio ulinipigia."

Jelagat aliinua kichwa. Amarjit hakumwangalia.

"Ulinipigia," Phelista alisema. Sauti yake haikupanda. Ilikuwa ya mtu anayekumbuka, anayepanga. "Hujawahi kunipigia. Uliniuliza kama mzigo umefika salama. Nikakwambia umefika. Ukaniuliza na watoto, na ng'ombe. Nikakwambia Mungu akubariki, Mzee, kwa kunikumbuka."

"Nilipiga nikwambie," Amarjit alisema. "Naapa. Nilikuwa nalo mdomoni."

"Gunia lilikuwa bado limeshonwa. Nilikuwa nimelikalia nikiongea na wewe."

Mukhwana alikuwa amesimama kwenye mlango wa stoo na Salman nyuma yake, na hakuna aliyewafukuza.

Simu ilikuwa bado inahesabu sekunde zake juu ya kaunta. Phelista hakukata. Wala Amarjit hakuthubutu kukata.